Pipa la Nkoloso

Mwaka 1996, mwezi wa saba, tulifanya kikao cha ukoo nyumbani kwetu Njombe. Baridi ya mwezi huo wenyeji tunaijua. Tulikuwa tumeuzunguka moto jikoni, wazee kwa vijana. Ajenda ilikuwa moja. Mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha sita katika masomo ya sayansi, naye aliomba tuuze sehemu ya miti ya mbao ya marehemu babu yake ili akasomee ufundi wa ndege. Katika kujieleza akaponyokwa na neno, kwamba siku moja angependa kufanya kazi katika vyombo vya anga za juu.

Basi mimi, mjomba wake, nikaona nafasi ya kuchangamsha baraza. Nikasimulia kisa nilichokipata stesheni ya Makambako kutoka kwa mfanyakazi mmoja wa reli, Mzambia.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 1964, Zambia ilipokuwa ikipata uhuru, mwalimu mmoja aitwaye Edward Makuka Nkoloso, aliyepigana Vita Kuu ya Pili na baadaye akapigania uhuru wa nchi yake, alitangaza kwamba angewatangulia Wamarekani na Warusi kufika mwezini. Chuo chake hakikuwa cha serikali. Wanafunzi wake aliwafanyia mazoezi shambani nje ya Lusaka: aliwatia ndani ya pipa la mafuta na kuwabiringisha mteremkoni, ili wazoee misukosuko ya safari. Aliyeteuliwa kwenda alikuwa binti wa miaka kumi na saba, Matha Mwamba, pamoja na paka wawili. Nkoloso aliliomba shirika la UNESCO pauni milioni 7, asipewe kitu. Serikali ya Zambia ilijitenga naye, binti akapata ujauzito akarudi kwao, na magazeti ya Ulaya na Marekani yakacheka.

Kikao nacho kilicheka. Nilipofika kwenye pipa, wazee walijifuta machozi. Ombi la kijana halikukataliwa kwa neno wala kupigiwa kura. Lilifia katika kicheko, tukahamia kwenye habari za mbolea.

Miaka sita ikapita. Aprili 2002 nikasikia redioni kwamba Mwafrika wa kwanza amekwenda anga za juu. Alikuwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, tajiri wa kompyuta, aliyepanda chombo cha Kirusi cha Soyuz kwa nauli iliyotajwa kuwa kama dola milioni 20. Mwaka uliotangulia, Mmarekani Dennis Tito alikuwa amefungua njia hiyo ya kujilipia. Tangu hapo wameongezeka. Septemba 2021 raia wanne wa Marekani waliizunguka dunia kwa siku tatu, gharama zao zikilipwa na mmoja wao, Jared Isaacman. Na mwaka 2022 Sara Sabry wa Misri alirushwa kwa dakika chache, nafasi yake ikilipiwa na shirika la hisani.

Shuttleworth hakuchekwa na mtu. Nikajiuliza: je, tofauti ya mwendawazimu na shujaa ni fedha tu? Hapana, si fedha tu. Shuttleworth alifanya mazoezi mwaka mzima, na chombo alichopanda kilikuwa cha watu wenye uzoefu wa miaka arobaini. Pipa la Nkoloso halikuwa na hesabu nyuma yake, na aliyebiringishwa alikuwa mtoto wa mwenzake.

Lakini msomaji, mwaka huohuo wa 1964 palikuwa na ndoto nyingine. Benki ya Dunia iliutazama mpango wa reli ya kuunganisha Zambia na bandari ya Dar es Salaam, ikasema haina faida. Mwalimu Nyerere na Kaunda hawakuiacha. Mwaka 1967 Uchina ilikubali kutoa mkopo usio na riba, ujenzi ukaanza 1970, na kufikia 1975 kilomita 1,860 za reli zilikuwa zimekamilika, zikipita Makambako. Mji ule tunaouita wetu, ambako barabara ya Songea na Njombe inakutana na ile ya Mbeya, umekuzwa na jambo ambalo wataalamu walilikataa. Ndoto hii, kinyume cha ile ya pipa, ilipimwa hatua kwa hatua ardhini kabla ya kujengwa.

Sisi jikoni hatukupima chochote.

Mpwa wangu siku hizi ana duka la vipuri Makambako. Nilimwendea, nikamweleza haya yote kwa kirefu, nikitafuta mlango wa kuomba radhi. Alinisikiliza huku akihesabu nati, kisha akasema taratibu, "Mjomba, siku ile sikuomba kwenda mwezini. Niliomba ada."

Sikuwa na jibu. Kisa changu kilikuwa cha kweli, lakini hakikuhusiana na ombi lake.

Sasa binti yake amemaliza kidato cha sita, naye ana ombi. Kikao ni mwezi ujao. Miti ya babu ilishakatwa, ila mimi ninayo yangu kidogo. Visa nimeviacha. Nitakwenda na karatasi na kalamu, nimuulize binti: chuo kipi, miaka mingapi, shilingi ngapi?