Kona nane za boksi, na gari la Marsha

Mwaka 1972, Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, Ivan Sutherland na wanafunzi wake walilichukua gari la mkewe Marsha, Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, wakalichora mistari mwilini kisha wakaanza kulipima kwa mkono. Kila mistari ilipokutana palikuwa na nukta, na kila nukta ilitaka namba tatu: upana, urefu, kimo. Kazi ya jasho, kama ya fundi bodi. Ila mwishowe gari likaingia kwenye kompyuta.

Nukta hizo tunaziita vipeo. Sasa, unavihifadhi vipi?

Chukua boksi. Lina kona 8. Kata kila uso pembetatu mbili, unapata pembetatu 12. Kila pembetatu ikiandika kona zake yenyewe, unaandika vipeo 36, na kona ileile inarudiwa mara nne, mara tano. Tatizo si nafasi tu. Ukitaka kuvuta kona moja, kumbe umevuta nakala moja; zingine zimebaki palepale na boksi limepasuka.

Dawa yake ni safu mbili. Ya kwanza ina vipeo 8, kila kimoja mara moja. Ya pili ina namba tupu: pembetatu hii inatumia kipeo cha 0, cha 1 na cha 3. Sogeza cha 3, na pembetatu zote zinazokitaja zinafuata. Kwa vipimo vya leo, baiti 432 zinashuka hadi 168.

Kushirikiana huku ndiko kulikombeba Henri Gouraud, hapohapo Utah, mwaka 1971. Alitaka uso uliojengwa kwa vipande bapa uonekane laini. (Alitumia uso wa mkewe, Sylvie, akiwa amechorwa mistari. Wake za watafiti wa Utah wanastahili sura yao katika historia hii.) Kwenye kila kipeo alichukua wastani wa mielekeo ya nyuso zinazokutana hapo, akakokotoa mwanga, kisha akausambaza. Lakini wastani huo unahitaji ujue nani anakutana na nani.

Na hapo safu mbili zinakwama kidogo. Kuuliza pembetatu ina vipeo gani ni rahisi. Kuuliza kipeo hiki kinaguswa na pembetatu zipi? Itabidi upekue orodha nzima. Bruce Baumgart wa Stanford alilijibu hilo mwaka 1972 kwa kuupa ukingo madaraka: kila ukingo unajua vipeo vyake viwili, nyuso mbili za pembeni, na kingo nne jirani. Juu ya wazo hilo akajenga GEOMED, programu ya kuhariri maumbo. Kwangu mimi huyu ndiye hatajwi vya kutosha.

Kwenye kuchora kwa kasi, hata hivyo, safu ndizo zilishinda. OpenGL ya mwaka 1992 ilipokea vipeo kimoja kimoja, kila kimoja na mwito wake, kama kuhamisha mchanga kwa kijiko. Toleo 1.1 likaruhusu safu nzima kwa mwito mmoja, toleo 1.5 la mwaka 2003 likaiacha safu ikae kwenye kumbukumbu ya kadi ya grafiki yenyewe. Mwaka 2009, kwenye toleo 3.1, ule mtindo wa kijiko ukaondolewa.

Halafu kuna kichekesho. Lile boksi letu, ukitaka kingo zake zionekane kali, haliwezi kubaki na vipeo 8. Kadi inataka kila kipeo kibebe mwelekeo wake mmoja, na kona ya boksi inatazama pande tatu. Kwa hiyo unarudia kila kona mara tatu: 24. Nakala tulizozifukuza zimerudi, safari hii kwa makusudi. Ndiyo maana Blender ina amri ya kutafuta vipeo vilivyokaa mahali pamoja na kuviunganisha kuwa kimoja, na ukishafungua modeli iliyotoka kwenye programu nyingine, mara nyingi hiyo ndiyo amri ya kwanza utakayoibonyeza.