Santuri za London, sauti za kwetu

Novemba 1979 kampuni ya Virgin ya London ilileta madukani kitu cha ajabu: santuri 3 ndani ya kopo la bati la mviringo, mfano wa yale ya kuhifadhia filamu. Hiyo ndiyo Metal Box ya Public Image Ltd, bendi ya John Lydon, aliyekuwa ametoka Sex Pistols. Besi ya Jah Wobble, yenye harufu ya dabu ya Jamaika, ndiyo iliyoubeba muziki. Mwaka 1980 ikachapwa upya katika jalada la kawaida kwa jina Second Edition, na 2016 ikarudi tena, santuri 4 sandukuni. Wazungu hawa wanajua kutunza vyao.

Sisi wa Kalemie tunahusikaje? Kampuni hiyohiyo ilitoa Agwaya ya Orchestra Makassy mwaka 1982, na Kaivaska ya Super Mazembe 1983. Bendi zote mbili ni za Wakongo waliokwenda kutafuta maisha mashariki. Kwa Mzee Makassy, kiongozi wa Orchestra Makassy, ndiko alikopitia mwanamuziki Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliyeitwa na mjomba wake huyo Dar es Salaam mwaka 1978. Na Kindu ni jirani yetu wa reli: njia yake inakutana na ya kwetu pale Kabalo.

Super Mazembe nao walianza kama Super Vox mwaka 1967, chini ya Mutonkole Longwa Didos, wakafika Nairobi 1974. Wimbo wao Kasongo haujazeeka. Majuzi Wakenya wamelibandika jina hilo kwa Rais William Ruto, utani mtupu.

London haikutupenda ghafla. Bob Marley alifariki 1981, na makampuni ya muziki yakaanza kupekua Afrika kumtafuta wa kushika nafasi yake. Kampuni ya Island ikamchukua King Sunny Adé wa Nigeria. Ilikuwa biashara, lakini biashara iliyotuachia jalada lenye majina. Leo Kasongo inahama kutoka simu hadi simu kwa memori kadi, na kijana anayeicheza hajui gitaa lile lilipigwa na nani.

Virgin iliuzwa kwa EMI mwaka 1992, na 2012 Universal ikaimeza EMI. Atakayetaka kuzichapa upya Agwaya na Kaivaska atabisha hodi huko kwanza, aulize haki ziko kwa nani, kisha atafute wanamuziki au warithi wao, awalipe.