Ghorofa 19 za magari: stori ya minara iliyobadilisha mitaa ya Chicago

Kama umewahi kuona kava la albamu ya Yankee Hotel Foxtrot ya bendi ya Wilco, ile ya mwaka 2002, basi Marina City umeshaiona. Ni ile minara miwili ya mviringo iliyosimama pembeni ya mto kama mahindi mawili. Wenyeji wa Chicago nao wanaiita hivyo hivyo, magunzi ya mahindi. Wapenzi wa muvi za zamani wanaijua kwa njia nyingine. Kwenye The Hunter ya 1980, muvi ya mwisho ya Steve McQueen kabla hajafariki mwaka huo huo, kuna gari linachomoka kwenye mnara mmoja na kwenda kudumbukia mtoni. Sio mambo ya kompyuta. Gari la kweli, mto wa kweli.

Sasa jiulize mdau: gari lilikuwa linafanya nini huko juu?

Lilikuwa limepaki. Kila mnara una ghorofa 65, na zile 19 za chini zote ni za magari. Hakuna ukuta wala dirisha. Ni njia moja inayojizungusha kama ngazi za mnara wa msikiti, na magari yamepangwa ukingoni kabisa mpaka mtu wa barabarani anaweza kukutajia aina ya gari la mpangaji. Watu wanaanza kuishi ghorofa ya 21 kwenda juu. Yaani gari la mtu wa Marina City lina mandhari ya mto kuliko nyumba nyingi za mjini.

Kuna waliosema ni uchafu wa macho, kuna waliosema ni sanaa. Ila ugomvi wenyewe ulianza zamani kuliko hiyo minara, na mpaka leo haujaisha.

Magari kuishi ghorofani sio jambo la juzi. Mwaka 1918 tayari katikati ya Chicago kulikuwa na gereji ya ghorofa tano kwa ajili ya wageni wa hoteli ya La Salle. Ukiiona kwenye picha za zamani huwezi kujua kama ni paking. Ilikuwa na madirisha na matofali, imetulia kama jengo lolote la ofisi. Wajenzi wa enzi hizo waliamini gari ni kitu cha kuficha, kama choo. Unakihitaji, lakini hukiweki sebuleni.

Aliyeficha kuliko wote ni mjengo wa wafanyabiashara wa vito, Jewelers Building, uliokamilika 1927 kwenye Wacker Drive. Chicago ya wakati huo ndiyo ile ya Al Capone, na mtu mwenye mfuko wa almasi alikuwa hana raha barabarani. Basi wakabuni kitu cha ajabu: tajiri anaingia na gari ndani ya jengo, lifti inalichukua gari na kulipandisha, naye anatokea upande wa ofisi bila kukanyaga lami. Jambazi atasubiri nje mpaka achoke. Zaidi ya ghorofa 20 za chini zilikuwa na magari katikati, huku ofisi zimeyazunguka pande zote kama ganda la nazi. Mpita njia alikuwa anaona madirisha, maduka na nakshi tu. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya tumbo la lile jengo kuna magari yamelala.

Lakini mitambo ile ilikuwa inasumbua, na magari nayo yakawa yanaongezeka ukubwa kila mwaka mpaka hayaingii vizuri kwenye lifti. Mwaka 1940 wakafunga huduma, nafasi ikageuzwa ofisi. Jengo lenyewe bado lipo. Aliyeangalia Batman Begins ameliona, lile ambalo jamaa amesimama pembeni ya kuba akiutazama mji usiku.

Baada ya vita ya pili ya dunia mambo yakabadilika kabisa. Serikali ya Marekani ikajenga barabara kuu, mikopo ya nyumba ikawa rahisi kwa wanaojenga nje ya mji, na familia nyingi za kizungu zenye kipato zikahama katikati ya majiji. Ikifika jioni mji unabaki mtupu. Hapo ndipo wanaingia watu ambao huwa hawatajwi sana kwenye stori za minara mikubwa: wafagizi, walinzi wa majengo na waendesha lifti.

Hawa walikuwa na chama chao cha wafanyakazi, na kiongozi wao, William McFetridge, alipiga hesabu rahisi. Watu wakihama mjini, majengo yanabaki matupu. Majengo yakibaki matupu, nani atamlipa mfagizi? Kwa hiyo badala ya kulalamika, chama kikaamua kujenga. Pesa za wafagizi ndizo zilizosimama nyuma ya Marina City, mradi wa dola milioni 36, na msanifu akachaguliwa Bertrand Goldberg. Ujenzi ulianza 1960 na kufikia 1964 minara ilikuwa imesimama.

Wazo la Goldberg lilikuwa mji ndani ya mji. Mtu akae, afanye kazi, ale, acheze bouling, ateleze kwenye barafu na aegeshe boti yake hapo hapo. Na kwa sababu waliokuwa wanakimbilia nje ya mji walikuwa wanakimbia na magari yao, ilibidi mnara uwaambie kwamba hapa pia gari lako lina kwao. Ndiyo maana kuna nafasi 896 za magari kwa apatimenti takriban 900, karibu gari moja kwa kila mlango. Ile paking ilikuwa chambo. Na yeye hakuificha kama wale wa 1927. Aliianika hadharani.

Tuwe wakweli, kama paking lazima ionekane, basi ionekane vile. Mtu anapita daraja la State Street, anainua kichwa, anaona kitu kinazunguka. Vijana wa kupaki magari wanapandisha na kushusha siku nzima kwa sababu mpangaji haruhusiwi kujipakia mwenyewe. Kuna uhai pale. Tatizo ni kwamba waliokuja baada ya Goldberg walichukua wazo la kuweka magari chini ya nyumba, wakaacha lile la kufanya pavutie.

Mwaka 1961, minara ikiwa bado inapanda, mwandishi mmoja wa New York alitoa kitabu kuhusu kufa na kuishi kwa majiji ya Marekani. Jane Jacobs hakuwa na digrii ya mipango miji wala ya kitu kingine chochote. Alikuwa anaangalia tu mtaa wake kupitia dirishani. Alichosema ni kwamba mtaa unakuwa salama kwa sababu ya macho: muuza duka aliyekaa mlangoni, mama aliye dirishani, wateja wanaoingia na kutoka baa. Ukiyaondoa hayo macho, hata askari uweke wangapi, watu wataogopa kupita. Wasomi wengine wa mipango miji walimdharau. Leo hao hao wanamfundisha vyuoni.

Chukua hilo wazo la macho halafu rudi Chicago miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, eneo la River North, kaskazini mwa mto. Watu walikuwa wamerudi kuishi mjini kwa fujo, minara ya apatimenti inaota kila kona. Kila mnara ukakaa juu ya sanduku la zege la paking la ghorofa kadhaa. Kwa nini wasichimbe chini? Hela. Udongo wa Chicago ni mfinyanzi laini na maji yako karibu, kuchimba paking ya chini ya ardhi ni gharama kubwa kuliko kuipandisha juu. Halafu mwenye mjengo anapata faida ya pili: nyumba zinaanzia juu, mandhari inakuwa nzuri, bei inapanda. Mpangaji wa juu anaona ziwa. Anayetembea chini anaona ukuta.

Na ule ukuta ndio kesi yenyewe. Unatembea mita 50, hakuna mlango. Hakuna dirisha, hakuna mtu wa kumsalimia wala kibanda cha kununua maji. Juu kuna matundu ya hewa, na usiku taa nyeupe za paking zinawaka kama wodi ya hospitali. Katikati ya ukuta kuna mdomo wa gari, kengele inalia, unaambiwa subiri gari lipite kwenye njia ya waenda kwa miguu. Baadhi ya wajenzi waliona aibu wakabandika madirisha ya uongo, kitu ambacho labda ni kibaya zaidi. Mkazi mwenyewe hajui haya, maana yeye anatoka kitandani, lifti, gari, barabara. Anaweza kuishi River North miaka mitano na asijue muuza maua wa kona anafananaje. Aliyejua vizuri ni yule muuza maua, siku wateja walipopungua.

Sio kosa la wajenzi peke yao. Mwaka 1923 jiji la Columbus, Ohio, lilitunga sheria kwamba anayejenga nyumba za kupangisha lazima atenge nafasi za magari, na baada ya vita majiji mengi yakaiga. Pale ambapo sheria haikulazimisha, benki na wanunuzi walilazimisha. Nafasi moja ya gari ukijumlisha na njia ya kupitia inakula kama mita za mraba 30. Hiyo ni chumba na sebule ya mtu wa Sinza kabisa, kwa ajili ya chuma ambacho, kwa hesabu za profesa Donald Shoup wa Los Angeles, kinakaa kimesimama asilimia 95 ya maisha yake. Shoup aliandika kitabu kizima mwaka 2005 kuhusu gharama ya paking ya bure. Hoja yake kuu ni kwamba paking ya bure haipo. Mtu asiye na gari anailipia kwenye kodi ya nyumba na bei ya soda.

Lakini ukitaka kuona mwisho kabisa wa hii stori inabidi utoke Chicago uende Detroit. Mwaka 1896 kwenye kibanda cha mtaa wa Bagley, fundi mmoja kijana alitengeneza gari lake la kwanza, halafu akagundua mlango ni mwembamba. Ikabidi abomoe ukuta kulitoa. Jina lake Henry Ford. Miaka 30 baadaye, 1926, hapo hapo ukafunguliwa ukumbi wa Michigan Theatre wenye viti takriban 4,000, dari ya nakshi, mataa ya vioo, kila kitu. Ukumbi ulikuwa umeshikamana na jengo la ofisi la ghorofa 13.

Watu walipohama mji na wateja wakaisha, ukumbi ukafungwa 1976. Wapangaji wa ofisi za pembeni wakasema wazi: bila paking tunaondoka. Kuubomoa wote ikashindikana kwa sababu mainjinia walihofia ofisi nazo zingeathirika. Basi 1977 wakang'oa viti, wakamwaga zege ngazi tatu, na magari yakaingia ukumbini. Dari haikuguswa. Mpaka leo mtu anapaki gari, anainua macho, anakutana na mapambo ya plasta ya 1926 yanayomeguka taratibu. Eminem na wenzake walirekodi hapo sehemu ya 8 Mile. Gari lilibomoa ukuta wa Bagley likiwa changa, likarudi uzeeni kukaa kwenye viti vya watu.

Majiji yameanza kugeuka, polepole. San Francisco inataka paking ya mjengo isogezwe nyuma ya barabara, kama mita saba na nusu kwa ghorofa ya chini, ili mbele yakae maduka au milango ya watu. Kimsingi ni ganda la nazi la mwaka 1927 limerudi. Buffalo, jimbo la New York, mwaka 2017 iliifuta kabisa sheria ya kulazimisha paking mji mzima. Miami Beach wakaamua kama gari lazima likae juu basi lifanyiwe sherehe: jengo la 1111 Lincoln Road la 2010, lililochorwa na Waswisi Herzog na de Meuron, halina kuta, na ghorofa yake ya juu watu wanaikodi kwa harusi. Maharusi wanapiga picha kwenye paking, na zinatoka kali.

Chicago nayo kuanzia 2013 ililegeza masharti kwa minara iliyo karibu na stesheni za treni. Siku hizi unaweza kukuta mjengo mpya una nafasi chache sana za magari na stoo kubwa ya baiskeli. Ile gereji ya hoteli ya La Salle haikuliona hilo, ilibomolewa 2005. Pale ilipokuwa pakapanda mnara wa apatimenti, na chini yake, ghorofa kwa ghorofa, wakaweka magari.

Marina City yenyewe ilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya jiji mwaka 2016. Kwa hiyo zile ghorofa 19 nazo sasa zinalindwa na sheria, mafuta yaliyovuja na yote.