Mwili Hupwa na Kujaa: Kwa Nini Pwani Tusipungue Kimya Kimya

Mtu akipungua kilo kumi hapa Ukunda, swali la kwanza analoulizwa si "umefanyaje?" Ni "una nini?" Unashuka tuktuk pale Kona ya Musa na jinzi ambayo mwaka jana haikupandi, unajiona umeng'aa, halafu shangazi mmoja anakushika mkono kwa huruma: "Mwanangu, mbona umekwisha hivi? Unaumwa?" Zile kilo zikirudi, mtaa ule ule unacheka: "Kwani ile dayati iliishia wapi?" Yaani ukishuka una makosa, ukipanda una makosa.

Wengi tunasema ni midomo ya watu tu. Mimi nasema hiyo ni historia inaongea kupitia midomo ya watu. Tukiijua, tutaacha kumchukia shangazi, na tutajua pia kwa nini kupungua peke yako huku kwetu ni kazi ngumu mara mbili.

Tuanze mbali kidogo. Huu ni ukanda wa mvua za kubahatisha, hasa ukitoka ufukweni ukapanda kuelekea Kinango. Kati ya 1898 na 1900 njaa kubwa ilipiga sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na bara ya Mombasa haikupona. Na usidhani hayo ni mambo ya kale: ukame wa 2021 na 2022 uliikuta Kwale pia, mifugo ikafa na watu wakasubiri chakula cha msaada. Sasa fikiria familia ambayo vizazi vyake vimepita huko. Mwili uliojaa kwao si aibu. Ni ushahidi kwamba nyumba ina chakula, mume anatunza, watoto watakula. Ndiyo maana "umenenepa" kwa bibi zetu ni pongezi, na "umekonda" ni salamu ya pole.

Halafu ikaja miaka ya themanini. Kule Uganda watu walianza kuona ugonjwa mpya unaomkausha mtu hadi anabaki mifupa. Wenyewe wakauita Slim. Mwaka 1985 madaktari wakaandika kuuhusu kwenye jarida la Lancet wakiutumia jina hilo hilo la mtaani, wakauhusisha na virusi ambavyo leo tunaviita VVU. Kenya kisa cha kwanza cha UKIMWI kilitambuliwa 1984, na Novemba 1999 Rais Moi akatangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Kwa miaka yote hiyo dawa zilikuwa mbali na mtu wa kawaida, na kukonda ndiyo ilikuwa tangazo la kifo. Mtu alikuwa hapimwi hospitalini, anapimwa na macho ya majirani.

Kwa hivyo shangazi akikushika mkono na kukuuliza una nini, kumbuka kwamba yeye alizika watu. Alimuona dada yake, au mwalimu wake, au dereva wa matatu ya mtaani kwao, akianza kwa kupungua hivi hivi. Hakutukani. Anaogopa. Tatizo ni kwamba hofu ile imebaki, na ugonjwa unaotunyemelea sasa umebadilika.

Manake angalia namba. Utafiti wa kitaifa wa afya, ule wa KDHS, ulikuta mwaka 2008 na 2009 kwamba mwanamke 1 kati ya 4 wa miaka 15 hadi 49 Kenya ana uzito uliozidi. Mwaka 2014 ikawa 1 kati ya 3. Miaka mitano tu. Na huu uzito hauji na sherehe, unakuja na presha na kisukari. Hatukuamka siku moja tukawa walafi. Maisha yalihama. Baba aliyekuwa akitembea hadi shambani sasa yuko juu ya bodaboda. Dada anayefanya kazi hotelini Diani anakaa zamu ya usiku, anakula saa nne za usiku kile kilichopatikana. Mafuta ya kupikia yako dukani kwa kipimo cha mfuko mdogo, soda iko kila kioski. Na sukari? Sisi tuliishi na kiwanda chake. Kile cha Ramisi kilisaga miwa tangu miaka ya 1920 hadi kilipofungwa 1988, na baadaye miwa ikarudi kwenye mashamba yale yale. Chai ya mgeni bila sukari ya kutosha, huku kwetu ni kama umemfukuza.

Sasa hapa ndipo nataka tuangalie wenzetu waliokutana na jambo hili mapema, kwa sababu kuna njia mbili walizojaribu, na sisi tunairudia ile mbaya.

Mwaka 1948, kule Milwaukee, Marekani, mama mmoja anayeitwa Esther Manz alianzisha kikundi cha TOPS. Wazo lilikuwa zuri: watu wakutane kila wiki, wapime uzito, wapeane moyo. Lakini miaka ile ya mwanzo baadhi ya vikundi vilitumia pia aibu. Aliyeongeza uzito alitajwa mbele ya wenzake na kufananishwa na nguruwe. Unacheka? Fungua kikundi chochote cha WhatsApp cha "chalenji ya siku thelathini". Picha ya mizani kila Jumapili, aliyeongeza anatoa mia mbili, anatumiwa vikatuni vya kumcheka. Wiki ya kwanza watu arobaini, wiki ya nne wamebaki saba. Wale thelathini na watatu hawakushindwa na chakula. Walishindwa na kuonekana.

Njia ya pili ilianzia New York, 1961. Jean Nidetch, mama wa nyumbani mtaa wa Queens, alikuwa ameenda kliniki ya uzito ya idara ya afya ya jiji. Akapewa mpango wa chakula. Mpango ulikuwa sawa, lakini alikuwa anakula biskuti kwa kujificha, na hakuwa na wa kumwambia. Basi akawaita marafiki zake sita nyumbani na kusema ukweli wake. Kumbe kila mmoja alikuwa na maficho yake. Wiki iliyofuata wakaja zaidi. Mwaka 1963 kikao kile kikawa kampuni, Weight Watchers, na 1978 ikauzwa kwa kampuni ya Heinz kwa mamilioni ya dola. Mei 2025 kampuni hiyo hiyo, baada ya sindano mpya za kupunguza uzito kushika soko, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Biashara ilipanda, ikashuka. Lakini kile kilichotokea sebuleni kwa Jean hakikuhitaji kampuni. Kilihitaji chumba ambacho mtu anaweza kusema "wiki hii nimeharibu" na asichekwe.

Na hapo, ndugu zangu, sisi hatuna haja ya kuiga Queens. Pwani hii imejaa vikao. Kuanzia mwisho wa karne ya 19 na kuendelea, wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama: ngoma ndiyo, lakini pia vyeo, sare na michango, na wenzako wanakuja ukiwa na harusi au msiba. Msichana akivunja ungo alikuwa na somo wake, mwanamke mkubwa wa kumfundisha na kumsitiri. Leo karibu kila mama Msambweni yuko kwenye chama cha kuzungushiana pesa. Chama kina siri gani? Zamu. Mwezi huu ni wako, mwezi ujao ni wangu, na ukipata matatizo hatukufukuzi, tunapanga.

Wenzetu wa Zanzibar walishaipeleka roho hiyo kwenye mwili. Vikundi vya mazoezi vya mitaa, vijana kwa wazee, hukusanyika tarehe 1 Januari kwa siku ya mazoezi ya kitaifa, wakikimbia na kutembea pamoja na sare zao. Tanzania bara nako, Desemba 2016, Samia Suluhu akiwa Makamu wa Rais alihimiza wananchi kufanya mazoezi, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa hilo. Kigali, tangu 2016, barabara hufungwa kwa magari siku maalum ili watu wakimbie. Hakuna kati ya hao aliyegundua dawa. Wamefanya tu mtu asikimbie peke yake akiangaliwa kama kichaa.

Kwa nini wenzako ni muhimu hivyo? Kwa sababu mwili wenyewe unapigana nawe. Mwaka 1944 na 1945 mwanasayansi Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kujitolea kule Minnesota hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walikuwa wazima na wenye nia, lakini mwisho wakawa wanaota chakula na kuongea chakula tu, na walipoachiwa kula walishindwa kushiba. Mwaka 2016 watafiti wakawafuata washiriki 14 wa shindano la televisheni la The Biggest Loser, miaka sita baadaye. Wote isipokuwa mmoja walikuwa wamerudisha uzito kiasi, na miili yao bado ilichoma nguvu kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hivyo mtu akirudisha kilo, si lazima awe mvivu. Mwili wake unakumbuka njaa, kama vile mtaa wetu unavyoikumbuka.

Na habari njema ni kwamba huhitaji miujiza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2002, wenye watu zaidi ya 3,000 waliokaribia kisukari, uliwapa baadhi yao lengo dogo: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kujishughulisha dakika 150 kwa wiki, wakiwa na mtu wa kuwafuatilia. Hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kama kilo sita tu. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, na sisi tuna ufuo wa Diani ambao maji yakipwa unakuwa uwanja wa bure.

Basi maoni yangu ni haya. Ukianzisha kikundi, hesabu mahudhurio, usihesabu kilo. Faini ya kutokuja sawa, faini ya kunenepa hapana. Mtu akipotea wiki mbili, apigiwe simu, na simu ianze na "uko salama?" Aliyerudisha uzito ndiye apewe nafasi ya kwanza kuongea, maana ndiye mwenye habari mpya. Usimwalike mtu ambaye hajakuomba. Usiwauzie wenzako majani ya chai ya kukausha tumbo. Na wadogo zetu ambao bado mnakua, nyinyi hamuhitaji kujinyima, mnahitaji kucheza na kula vizuri.

Kuhusu lile swali la "una nini?", tusilifute kabisa. Kukonda bila kutaka bado ni dalili ya kwenda hospitali: inaweza kuwa TB, kisukari, au VVU ambavyo siku hizi vina dawa ya bure. Ila tulibadilishe kidogo. Badala ya kutangaza barabarani, muulize pembeni: "Umekusudia, ama nikusindikize tukapime?" Akikwambia amekusudia, usimuache hapo. Muulize mnakutana saa ngapi.

Wazee walisema kuteleza si kuanguka. Lakini anayeteleza akiwa ameshikwa mkono, huyo hata haonekani ameteleza. Tag yule ambaye ungependa atembee na wewe Jumamosi, kisha muandike inbox, sio hapa hadharani.