Ujasusi wa Mezani: Kilindini na Mafumbo ya Wajapani, 1942–1943

Hadithi za ujasusi wa vita humtukuza mtu anayevuka mpaka usiku na hati bandia mfukoni. Tukipima kwa kipimo hicho, Mombasa ya Vita Kuu ya Pili haina la kusimulia. Nashikilia kuwa kipimo ndicho kibovu. Ndege za Japani ziliposhambulia Colombo tarehe 5 Aprili 1942, manowari za Uingereza chini ya Admirali James Somerville zilirudi nyuma hadi Kilindini, bandari ya Mombasa, na wafumbuzi wa misimbo, ambao Singapore walikwisha kuikimbia na kuhamia Colombo, wakahama tena. Wakawekwa katika Shule ya Allidina Visram, jengo la kusomeshea watoto, wakawa wananasa simu za upepo za Wajapani na kuzichambua kwa kalamu na karatasi.

Yuko atakayesema kwamba Kilindini ilikuwa maficho tu, na hoja hiyo ina uzito. Umbali uliowalinda ndio uliowanyima kazi: mawimbi yalifika hafifu mno, ujumbe ukapungua sana kuliko walivyozoea Colombo. Hata hivyo, mnamo Septemba 1942, ni hapo hapo msimbo wa meli za mizigo, JN-40, ulipofumbuliwa. Ilidhaniwa kuwa ni kitabu cha msimbo kilichofunikwa kwa tarakimu za nyongeza, kama JN-25 ya jeshi la majini. Kumbe maandishi yaligeuzwa kwa jedwali kuwa tarakimu mbilimbili, kisha tarakimu hizo zikapanguliwa nafasi zake, basi. Wajapani walikuwa wametuma ujumbe uleule mara mbili, wa pili umeongezwa maelezo, kwa ufunguo uleule. Ukiziweka karatasi mbili hizo sambamba, pale zinapoachana ndipo mpangilio unapojifichua. Kufikia Novemba jumbe zikasomwa papo kwa papo, za zamani nazo zikafunguka. Safari za meli zilizolisha majeshi ya Japani zikawa wazi kwa wawindaji wake baharini.

Je, hiyo si bahati, tena bahati ya watu waliokaa salama kivulini? Bahati ilikuwepo, lakini kosa la adui halimfai asiyetunza makaratasi yake wala asiyejua la kutafuta ndani yake. Na hatari haikutoweka. Ilibebwa na wengine, hasa mabaharia waliotumwa kwa kutegemea habari hizo. Mpaka wa hoja yangu uko kwingine. JN-40 ilikuwa siri ya meli za mizigo, si ya nyambizi. Ofisi ya wafumbuzi yenyewe ilirejea Colombo mwaka 1943, na tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Japani I-27 ikaizamisha meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, licha ya manowari zilizowasindikiza.