Kutazama na Kutumikia: Vijana wa Tanganyika na Elimu ya Upasuaji Ugenini

Tunapoadhimisha miaka mia moja ya Usharika, ni haki kuwakumbuka wachungaji, wainjilisti na wazee waliotutangulia. Ni haki pia kuikumbuka huduma ya uponyaji iliyokwenda sambamba na kazi yao. Wamisionari wa Bethel walifika Tanga mwaka 1890. Mwaka 1896 walifungua kituo cha Lutindi, katika milima ya Usambara, kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia mwaka 1904 kituo hicho kikawapokea wagonjwa wa akili. Mjini Tanga, serikali ya Kijerumani ilijenga hospitali ya Bombo, juu ya bahari.

Katika nyumba hizo zote Mwafrika alikuwa mgonjwa, au mhudumu, au dresa wa kufunga vidonda. Aliyeshika kisu cha upasuaji alikuwa mgeni. Hali hiyo ilidumu kwa muda mrefu, kwa kuwa hadi mwaka 1963 Tanganyika haikuwa na shule ya udaktari. Kijana aliyetaka kuwa daktari ilimlazimu kuvuka mpaka, na mlango uliokuwa karibu zaidi ulikuwa Makerere, Uganda, ambako wanafunzi walifundishwa katika Hospitali ya Mulago.

Kwa aliyetoka pwani hii safari yenyewe ilikuwa somo. Reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, iliunganishwa na ile ya Voi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na reli ya Uganda ilifika Kampala mwaka 1931. Kwa njia hiyo msafiri aliweza kuuacha upepo wa bahari na kupanda hadi nchi ya migomba bila kushuka katika himaya ya Mwingereza.

Katika chumba cha upasuaji mwanafunzi huanza kwa kutazama. Huvaa gauni na barakoa, husimama nyuma ya wakubwa, wala hagusi chombo kilichochemshwa mpaka aruhusiwe. Huangalia mkono wa mpasuaji, lakini pia pumzi ya mgonjwa na uso wa mtoa dawa ya usingizi. Hujifunza kwamba mpasuaji mwema ni yule anayejua mahali pa kuacha.

Mulago ilikuwa na mengi ya kutazamwa. Ian McAdam alikuwa profesa wa upasuaji tangu mwaka 1957. Denis Burkitt, mpasuaji wa hapo, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliowaua watoto, na mwaka 1961 akasafiri na wenzake wawili kwa gari katika nchi nyingi, Tanganyika ikiwamo, akiuliza hospitali kwa hospitali mahali ulipoonekana. Mwaka huohuo Sebastian Kyalwazi wa Uganda alipata shahada ya juu ya wapasuaji huko Edinburgh. Mwanafunzi Mwafrika akaona sasa kwamba mkono ulioshika kisu waweza kuwa mkono kama wake.

Hata hivyo ugeni ulikuwa na gharama yake. Profesa alisema Kiingereza na wagonjwa wengi walisema Kiganda. Kijana wa Kiswahili aliweza kuuona mwili wa mgonjwa kabla hajaweza kuusikia moyo wake. Aliporudi pwani alikuta busha na matende, magonjwa yaletwayo na mbu, ambayo watu waliyaficha kwa aibu. Hapo ufundi wa kisu haukutosha. Ilihitajika lugha ya kumfanya mzee akubali kuvua nguo mbele ya daktari aliye rika la mwanawe.

Tena waliorudi walikuwa wachache mno. Mwalimu Nyerere alikumbusha kwamba Mwingereza aliondoka akiacha wahandisi wazalendo 2 na madaktari 12. Ndiyo maana shule ya udaktari ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1963, ilikuwa jambo kubwa kwa taifa, na kufunguliwa kwa KCMC, Moshi, mwaka 1971, kwa juhudi za makanisa, likiwamo KKKT, kulikuwa jambo kubwa kwetu. Meza ya upasuaji ililetwa karibu na nyumbani.

Siku hizi safari imegeuka. Wanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya na Marekani huja KCMC kutazama na kujifunza, kama vijana wetu walivyokwenda kwa watu. Tuwapokee kwa ukarimu, lakini tusisahau aliyelala mezani. Mgonjwa maskini ana haki ya kuambiwa ni nani anayemtazama, na haki ya kukataa. Na mgeni asiruhusiwe kutenda hapa asiloruhusiwa kutenda kwao. Anayejifunza huazimwa mwili wa mwenzake, na cha kuazima hushikwa kwa adabu.

Hilo ndilo deni ambalo wale wachache wa Mulago wametuachia. Walikubali kusimama nyuma na kutazama kwa miaka mingi, ili mgonjwa wa pwani hii apate siku moja kutibiwa na mtu anayemwelewa.