Kitanda cha Kukunja: Nani Alilala Wapi Kati ya Kilosa na Mikumi

Mtu akitaka kuigeuza Hiace kuwa nyumba, kichwa kinaanza kumuuma kwenye kitanda. Hiace ya kawaida, ile nyembamba, ina upana wa milimita 1,695 kwa nje. Toa unene wa bodi na bitana za pande zote mbili, unabaki na kama mita moja na nusu hivi. Mtu mzima hawezi kunyooka humo kutoka ubavu mmoja wa gari hadi mwingine. Itabidi alale kwa urefu wa gari, na akishalala hivyo kitanda kimemeza karibu nyumba nzima. Ndiyo maana wanaoishi kwenye magari hawaachi kubuni vitanda vya kukunja, kuvuta na kuning'iniza.

Sasa, swali hili si geni hapa kwetu. Hebu chukua kipande cha nchi kati ya Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro. Kimepitiwa na misafara ya wapagazi, na reli, na barabara kuu ya kwenda Zambia. Kila zama ilikuwa na chombo chake, nafasi finyu yake, na kitanda chake. Ukivipanga vitanda hivyo kwa mfuatano unaona jambo moja linajirudia: nafasi iliyookolewa kwa mmoja ililipiwa na mwingine.

Fumba na kitanda cha turubai

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilivuka tambarare ya Mkata, ambayo leo sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Henry Morton Stanley aliivuka mwaka 1871 wakati wa masika, na adha ya maji na tope ameieleza kwa kirefu.

Kwenye msafara wa namna hiyo, chombo cha usafiri kilikuwa bega la mtu. Mpagazi alibeba mzigo wa kama kilo 30, na juu ya huo akaongeza vitu vyake mwenyewe. Kwa hiyo kitanda chake kilipaswa kuwa chepesi kupita kiasi: mkeka, unaukunja asubuhi, unaukunjua jioni. Kiswahili kina hata jina la mkeka ulioshonwa ukawa kama mfuko wa kulalia, yaani fumba. Mtu anaingia ndani, anajifunika kwa kitanda chenyewe. Kwa lugha ya leo tungesema godoro, shuka na blanketi vimeunganishwa katika kipande kimoja kisicho na msumari hata mmoja.

Msafiri wa Kizungu alikuwa na jibu jingine: kitanda cha mbao na turubai, miguu imepishana kama herufi X. Kikifungwa kinakuwa kifurushi chembamba. Kikifunguliwa kinauinua mwili juu ya ardhi yenye unyevu na wadudu. Ni ubunifu mzuri, tusiubeze. Ila uzito wake haukuyeyuka. Ulihamia kwenye bega la mpagazi, ambaye usiku alilala chini, kwenye ardhi ileile ambayo kitanda kile kilibuniwa kuikwepa.

Hesabu ya behewa

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, ikapita Kilosa, ikamaliza safari Kigoma 1914. Geji yake ni mita 1 tu, na safari ni ya kilomita zaidi ya 1,200. Baadaye tawi lilitoka Kilosa kwenda kusini, likapita Mikumi hadi Kidatu, ambako geji hiyo inakutana na ile ya TAZARA yenye milimita 1,067.

Safari ya kulala njiani inahitaji vitanda, lakini mchana abiria wanataka kukaa. Marekani walishalikabili tatizo hilo miaka ya 1860, pale George Pullman alipotengeneza behewa ambalo kitanda cha juu kilikunjwa kwa bawaba hadi darini, na viti vya chini vikasogezwa pamoja kuwa kitanda cha pili. Wazo ni rahisi: sakafu ileile itumike mara mbili kwa siku, ila kwa saa tofauti.

Kwenye treni yetu, daraja la pili la kulala ni chumba cha watu 6, vitanda vitatu kila upande. Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme kutoka sakafuni hadi darini ni sentimita 230. Kitanda cha chini kiko sentimita 40 juu ya sakafu, maana mchana ni kiti. Zinabaki 190. Zigawe kwa watu watatu, kila mmoja anapata kama 63, na hapo hatujatoa unene wa godoro. Mtu mzima akikaa wima anahitaji karibu 90. Maana yake, vitanda vyote vitatu vikiwa wazi hakuna anayeweza kukaa. Kulala tu. Basi asubuhi kitanda cha kati lazima kikunjwe, na wa kati lazima aamke wenzake wakiamka, apende asipende.

Daraja la kwanza lilikuwa na chumba cha watu 2. Daraja la tatu lilikuwa na viti. Treni moja, usiku mmoja, kituo kilekile cha Kilosa, na aliye daraja la tatu anapitisha usiku kichwa kikiwa kwenye bega la jirani. Vitanda vya wengine viliwezekana kwa sababu yeye alikaa.

Lori na uvungu wake

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru. Zambia ikajikuta njia yake ya kusini imekuwa mtego, na mafuta ikabidi yapitie Dar es Salaam. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori yakaanza kupishana kwenye barabara ya vumbi iliyogeuka tope kila masika. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye kilomita 1,710, lilikamilika 1968. Lami ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mikumi, kilomita kama 300 kutoka Dar, ikawa mji wa madereva: chai, gereji, na pa kuegesha.

Lori pana lina faida ambayo Hiace haina. Upana wa kama mita 2.5 unamruhusu dereva kujilaza nyuma ya viti, kutoka mlango hadi mlango. Baadaye watengenezaji walipandisha paa. Volvo Globetrotter ya 1979 ni mfano maarufu. Paa likipanda, kitanda cha pili kinapata nafasi, cha kukunjwa ukutani kama kile cha Pullman.

Na kitanda hiki si anasa. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anapoteza umakini sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Dereva aliyeamka saa kumi na moja alfajiri anafika hapo saa nne usiku. Mweke sasa kwenye ile barabara ya kilomita kama 50 inayokatiza hifadhini, tembo na nyati wakivuka gizani, na nyuma yake kuna tani za mzigo.

Lakini kwenye lori kuna mtu wa pili: utingo. Usiku kazi yake ni kulinda mzigo, mafuta na betri, kwa hiyo mara nyingi hulala juu ya turubai au uvunguni mwa tela. Uvungu, neno la chini ya kitanda, limehamia chini ya lori. Alfajiri ndiye anayemwongoza dereva kurudi nyuma, anayekaza matairi na kuangalia breki. Uchovu wake nao uko barabarani, hata kama hashiki usukani.

Leo

Tangu 2024 treni ya umeme ya SGR, yenye geji ya milimita 1,435, inapita Kilosa ikitoka Dar kwenda Dodoma kwa chini ya saa nne. Haina haja ya vitanda. Kwa abiria huyo, mwendo umekiondoa kitanda. Lori la Mikumi bado linalala njiani, na litaendelea kulala.

Kwa hiyo kama unachora kitanda cha gari, iwe Hiace ya kuishi au kebini ya lori, anza na futi na bawaba, sawa. Halafu hesabu watu watakaokuwa kwenye safari, kisha hesabu vitanda. Namba hizo mbili zisipolingana, mchoro wako haujaisha.